Vikapu vya Milulu Kwenye Chumba cha Seva

Mkurugenzi aliponipigia simu nilikuwa nimekaa nje ya chumba changu cha kupanga, huku Soweto, Mbeya, nachambua maharage. Aliniambia kampuni inahamishia kazi zake zote kwenye wingu, huko mtandaoni. Seva zetu zitazimwa na kuuzwa, na kabla hazijazimwa lazima kila moja iorodheshwe: iko wapi, inafanya nini, nani anaitegemea. Vijana wa ofisini walikuwa wameingia kwenye chumba cha seva wakatoka wanatazamana. Lebo karibu zote ni mwandiko wangu, na wino umefifia. Aliniomba nirudi kwa siku chache nimsaidie mtaalamu anayetoka Dar es Salaam.

Nilimuuliza kitu kimoja tu: na Iringa je? Akasema Iringa nako lipo kabati dogo la seva, tukimaliza Mbeya tutapelekwa na gari la kampuni.

Hapo nikakubali. Mke wangu anaishi Iringa. Sijaachana naye, wala hajaniacha, lakini kwa muda mrefu nimekuwa nikifika kwake kama anavyofika mgeni, kwenye sikukuu na misiba, na kuondoka kabla godoro halijapata joto. Tangu nistaafu nimekaa Mbeya peke yangu kwa sababu hajaniambia rudi nyumbani, nami sijapata uso wa kuomba. Safari hii nilitaka kuomba. Gari la kampuni lingenifikisha mlangoni kwake nikiwa na kisingizio mkononi, na mtu kama mimi bila kisingizio hafiki popote.

Kampuni yetu hununua mpunga Rujewa, huukoboa, na kuuza mchele Mbeya na Iringa. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa kama msaidizi wa fundi umeme. Mwenye kampuni, mzee wa Kihindi ambaye duka lake la kwanza lilikuwa la vitambaa, alipoleta seva ya kwanza, mimi ndiye niliyevuta nyaya za chumba kile, kwa hiyo ufunguo nilipewa mimi. Hakuna aliyekuja kuuchukua. Seva zikaongezeka, ya mishahara, ya mizani ya malori, ya mauzo, nami nikajifunza kidogo kidogo kuzitunza, kwa kuangalia mafundi waliokuja na kuondoka. Mkurugenzi wa sasa ni mjukuu wa yule mzee. Nilimfahamu akiwa na kaptula ya shule, akija kusimama mbele ya kiyoyozi chetu wakati wa joto la Oktoba.

Iringa nilitumwa kuvuta nyaya za tawi. Karani wa pale alikuwa binti wa Kihehe, mwenye maneno machache, ambaye siku nzima alinitazama nikitoboa ukuta na mwisho akaniambia tundu langu limekwenda upande. Lilikuwa limekwenda upande kweli. Tulifunga ndoa katika kanisa la Kilutheri la kwao, na tukakubaliana kwamba yeye aendelee na kazi yake Iringa mpaka mimi nitakapopata uhamisho. Watoto wakazaliwa huko, wakasomea huko. Mimi nikawa baba wa mwisho wa mwezi.

Kazi mojawapo ya mke wangu pale tawini ilikuwa kubadilisha kanda. Enzi hizo nakala za kumbukumbu zilihifadhiwa kwenye kanda, na kila wiki kanda ya Iringa ililetwa Mbeya ikae mbali na mashine yake, ili ofisi ikiungua kumbukumbu zisiungue nayo. Alizituma kwa basi, kwa mkono wa konda, mimi nazipokea stendi. Aliogopa zisigongwe njiani, kwa hiyo alisuka vikapu. Kwao wanawake husuka vikapu vya milulu, na milulu ni majani ya majini yanayokaushwa yakawa magumu kama kamba, lakini hivi vya kwake vilikuwa vidogo, vyenye mfuniko, vimetoshana na kanda kama vile kanda ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya kikapu. Chini ya kanda, ndani ya gazeti, palikuwa na kitu changu. Karanga alizokaanga mwenyewe. Uyoga mkavu. Mara moja soksi, maana Juni ya Mbeya anaijua.

Kwao chombo kikikuletea kitu hukirudishi kikiwa kitupu. Unakirudisha na chochote ulichonacho, hata kama ni chumvi. Kwetu Rungwe desturi hiyo ipo vilevile, kwa hiyo sitajificha nyuma ya ugeni. Nilikula karanga, nikaweka kanda rafuni ikiwa ndani ya kikapu chake, kwa sababu ilikaa vizuri na vumbi halikuingia. Wiki iliyofuata kikaja kingine. Nami nikakiweka juu ya kile cha kwanza. Sikuwahi kurudisha hata kimoja, si kitupu wala chenye kitu. Ukiniuliza kwa nini, nitakujibu ukweli ambao ni wa aibu: niliviona ni vifaa vya ofisi.

Kisha mkuu wa tawi la Iringa akastaafu, na yule mzee akanipa nafasi ile. Hata kabla ya kumweleza mke wangu, nilimjibu kwamba haitawezekana. Umeme wa Mbeya, nilisema, unakatika ovyo, na kila unaporudi lazima mtu awepo wa kubonyeza vitufe, mashine baada ya mashine, kwa mpangilio, la sivyo mizani haisomi na malori yanalala barabarani. Hilo lilikuwa kweli. Nilitoka kanisani katikati ya mahubiri kwenda kubonyeza. Niliacha mazishi ya mjomba wangu. Watu walikuwa wakiniona nakimbia wanasema, umeme umerudi, yule anakwenda kuamsha mashine zake, na sitaficha kwamba nilipenda kusikia hivyo.

Mke wangu nilimweleza kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Basi endelea na kazi."

Wiki ile kanda ilikuja ndani ya boksi la sabuni. Niliona nafuu. Boksi lina pembe, linapangika.

Mtaalamu aliyekuja alikuwa binti, umri wa kuwa mjukuu wangu, na koti zito aliloliazima maana alifika Mbeya na nguo za Dar. Aliniita baba tangu mwanzo. Nilijiandaa kumwonyesha kwamba bila mimi hafiki mbali, lakini haikuwa hivyo. Alichomeka kompyuta yake mpakato, akaniacha nieleze mashine moja moja, kisha kwa upole akanirekebisha. Niliyoita seva ya mauzo ilikuwa haijauza kitu muda mrefu, mauzo yalishahamishwa na wale vijana. Ile kubwa ya chini, niliyokuwa nikiifuta vumbi kuliko zote, haikuwa na kazi yoyote.

"Haifanyi kitu kabisa?" nilimuuliza.

"Inapasha chumba joto, baba," alisema. "Kwa baridi hii siilaumu."

Alikuwa na utaratibu ambao sikuujua. Mashine ikikosa mwenyewe, yaani hakuna idara inayosema ni yangu, anaichomoa kwenye mtandao na kungoja. Kama hakuna anayepiga simu kulalamika, anaiandika kuwa ni ya kuzimwa. Tulichomoa ile kubwa tukanywa chai. Hakuna aliyepiga simu. Nilitazama ule mlango nikitamani mtu aje, hata mhasibu mmoja, aseme kazi yake imekwama. Nilijua pia kwamba kinachonichoma si mashine. Nami nilikuwa nimechomoka mahali, na sikumbuki kama kuna aliyelalamika. Au alilalamika kwa boksi la sabuni, nami sikusikia.

Siku ya pili umeme ukakatika. Betri za akiba zilipiga kelele kidogo zikafa, feni zikanyamaza zote kwa pamoja. Ukimya ule naujua kama sauti ya mtu wa nyumbani. Tulikaa kwenye mwanga wa simu yake akinihadithia bei za nyumba za Dar. Umeme uliporudi, miguu yangu ilinyanyuka kabla yangu. Nilikuwa nimeshafika kwenye kabati, kidole kimenyooka kuelekea kitufe cha mashine ya mizani, mashine ikawaka yenyewe. Ikafuata ya mishahara. Feni zikaanza kuvuma mstari mzima, kutoka juu hadi chini, nami nimesimama na kidole hewani.

"Niliziwekea jana wakati nazikagua," binti alisema. "Kuna mahali pa kuchagua, umeme ukirudi ijiwashe au ibaki imezimwa. Za kwako zote zilikuwa zimeambiwa zibaki."

"Ni kitu kipya?"

"Hapana, baba. Kiko humo toka zilipotengenezwa."

Hakusema kwa ubaya. Swali langu lilikuwa la uongo, maana nilijua si kitu kipya. Fundi aliyefunga mashine ya kwanza kabisa aliniuliza, nikakumbuka hata mahali aliposimama, karibu na dirisha, bisibisi mdomoni. Kuna kujiwasha, nikuwekee? Nikamwambia acha, mimi nipo. Nilikuwa kijana niliyetoka kupewa ufunguo, na mashine inayojiamsha yenyewe ingemhitaji mtu wa nini? Baadaye nilikaa na jibu lile mpaka nikasahau kwamba lilikuwa jibu langu, nikaanza kuliita kazi.

Mchana tukafika kwenye rafu ya kanda. Binti alishusha kikapu kimoja, akapuliza vumbi, akafungua mfuniko, akatoa kanda, akakigeuza-geuza kwenye mwanga.

"Hivi jamani ni vizuri. Viko vingi hivi! Niviandike wapi? Vifaa vya ofisi?"

"Usiviandike."

"Kila kilichomo humu naandika, baba, ndiyo kazi."

"Hivyo ni vya mtu."

"Vya nani?"

"Vya mke wangu."

Alinitazama, akatazama rafu, na nadhani aliona kitu usoni kwangu, kwa sababu alianza kuvitoa kanda kimoja kimoja bila kuuliza tena na kunipa mimi nivifute. Chini, ndani ya kimoja, bado kilikuwepo kipande cha gazeti, na ndani yake ganda la karanga.

Jioni nilikwenda soko la Mwanjelwa. Nilinunua mchele wa Rujewa, ule mrefu wenye harufu, na majani ya chai ya Tukuyu, na maparachichi ambayo hayajaiva ili yavumilie safari, na maharage, na chumvi, maana chumvi isingekosekana. Nilijaza vikapu vyote. Mama muuza mchele aliponiona namimina kidogo kidogo kwenye vikapu vidogo vile aliniuliza kama ni vya kitchen party ya binti yangu. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

Tuliondoka asubuhi, dereva, binti na mimi, vikapu vimepangwa kwenye kiti cha nyuma kando yangu. Dereva aliviona kwenye kioo chake kabla hatujafika Uyole.

"Mzee, unakwenda kuorodhesha au unakwenda kuoa?"

"Endesha gari."

"Nauliza tu, nijue kama nitavaa tai."

Binti alicheka ameangalia dirishani. Dereva aliendelea kwa muda, akataka kuelezwa huko kwenye wingu zitakakohamia kumbukumbu ni wapi hasa, na mvua ikinyesha nani atazianua. Binti alimweleza kwamba ni mashine vilevile, za watu wengine, mahali pengine, unalipia kuzitumia. "Kumbe ni kupanga," dereva alisema, akaridhika. Mimi nilikuwa natazama tambarare ya Usangu ikipita, kisha upepo wa Makambako, kisha misonobari ya Mafinga iliyosimama kwenye ukungu. Njia ile nilikuwa nimeipita mara nyingi usingizini, kwenye kiti cha basi. Safari ile sikusinzia. Nilikuwa napanga maneno, na kila kilima kilipopita nilikuwa nimeyapunguza.

Kwenye tawi la Iringa kazi haikuchukua muda. Kabati lilikuwa dogo na safi. Juu ya mashine kilitandikwa kitambaa cha kufuma kwa uzi mweupe, kama watu wanavyotandika kwenye televisheni, na ubavuni ipo karatasi yenye mwandiko wa mke wangu, inayoeleza jinsi ya kubadilisha kanda, hatua kwa hatua, kwa maneno ambayo mtu yeyote angeweza kufuata. Alishastaafu naye, lakini hakuna aliyeibandua. Mimi sikuwahi kumwandikia mtu yeyote karatasi ya namna ile.

Binti alikagua, akaniangalia kidogo, akarudi kwenye kompyuta yake. "Hii ilishawekewa kujiwasha," alisema. "Toka siku ya kwanza."

Alinipa kile kitambaa kabla ya kuzima mashine. Nilikikunja nikakitia mfukoni.

Nyumba ya mke wangu iko Kihesa. Dereva aliniteremsha langoni, akanisaidia kushusha vikapu, na hakufanya mzaha. Walikuwa na mizigo mingine ya kuchukua mjini, alisema watanipitia. Mke wangu alikuwa uani, ameinamia ungo, anaanika uyoga. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko nilivyoziacha Pasaka. Aliinua kichwa akaniona, akaviona na vikapu vilivyonizunguka pale chini.

"Kamwene," nilimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene."

Alifuta mikono kwenye khanga, akaja, akachukua kimoja, akatazama kitako chake pale mshono ulipoanzia, jinsi mtu anavyomtazama mtoto kisogoni kujua kama ni wake. Akafungua. Mchele. Akafungua kingine. Chumvi.

"Nilifikiri uliwagawia wanawake wa Mbeya," alisema.

"Vilikuwa vimewekewa kanda."

"Kanda."

"Vilikuwa rafuni. Kwenye chumba cha seva."

Alicheka kidogo, bila furaha nyingi, akaviingiza ndani viwili viwili. Nilibaki kwenye kigoda nikimsikia akimimina, mchele kwenye ndoo, maharage kwenye sufuria, kila kitu mahali pake. Zile sauti za jikoni kwangu ningezisikia kila siku ya maisha yangu, kama ningekuwa nimeomba uhamisho tu. Alileta chai. Nilimpa kitambaa chake, akakiweka magotini, na nikaona nisipolisema sasa nitaongelea bei ya mpunga mpaka gari lije.

Nilimweleza kuhusu kidole hewani. Nikamweleza kuhusu fundi mwenye bisibisi, na kwamba niliulizwa, na nilichojibu. Nikasema kwamba mashine hazikunizuia, mimi ndiye niliyezizuia zisijiwashe. Sikulia, niliona nikilia nitakuwa nimemtwika yeye kazi ya kuninyamazisha.

"Mimi nilijua," alisema.

Sikumwelewa.

"Fundi yule yule alikuja huku mashine ya tawi ilipoletwa. Akaniuliza nikuwekee, nikamwambia weka, nina mtoto nyumbani. Wewe ulifikiri umeme ukikatika nilikuwa nakimbia ofisini na mtoto mgongoni?"

Sikuwahi kufikiri. Hilo ndilo jibu, na nilimpa hivyo hivyo. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Alikunjua kitambaa, akakikunja upya. "Ningekuambia, ungetafuta sababu nyingine. Hiyo ya umeme nilishaizoea."

Kuku walipita kati yetu. Nikasema niliyoyapunguza njia nzima, yakabaki machache: "Nimekuja kuomba nirudi nyumbani."

Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa imekaa sana ikawa kitu kingine. Alisema chai inapoa. Nikanywa. Aliniuliza kama mguu bado unanisumbua, nikasema wakati wa baridi tu. Akaniuliza hizo mashine sasa nani ataziangalia, nikasema hakuna, hazipo, zinakwenda kwenye wingu. Akatikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni kwa muda.

"Kwa hiyo huna pa kukimbilia."

"Sina."

Honi ikalia nje. Aliinuka, akaingia ndani, nami nikasimama nikivaa kofia, najua nimepata jibu langu na kwamba ni la haki. Alipotoka alikuwa ameshika kikapu kimoja, kile ambacho mfuniko wake una mstari wa zambarau. Alikwenda kwenye ungo mwingine uliokuwa kwenye jua tangu asubuhi, akachagua uyoga uliokauka vizuri, akajaza mpaka juu, akafunika.

"Hiki ni changu," alisema akinipa. "Usiende kukiweka rafuni."

Nilikiweka magotini kutoka Kihesa hadi Mbeya, nacho kilinukia msitu wa kwao.

Chumba cha seva sasa ni stoo ya magunia matupu. Ufunguo nimeukabidhi, na mkurugenzi aliupokea huku anaongea na simu. Kikapu nimekitundika msumarini karibu na mlango, mahali ambapo siwezi kutoka bila kukigusa na bega. Uyoga naupika kidogo kidogo, na maharage. Umeme ukikatika huku Soweto miguu bado inanyanyuka, halafu inakumbuka.

Uyoga umebaki wa kupika mara moja, na nitaupika leo. Kesho nitakwenda Mwanjelwa, kwa yule mama wa mchele. Akiniuliza tena ni vya nini, nitamwambia ni kimoja tu, ni cha mke wangu, nakirudisha.